Ngozi ya Biva na Ugomvi wa Wafalme Wawili

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Tukisikia wakoloni waligombana, haraka tunawaza dhahabu au mashamba. Kanada, Wafaransa na Waingereza waligombania zaidi mnyama: biva, yule wa mtoni mwenye mkia bapa, anayeangusha miti kwa meno.

Lakini kabla ya biva kulikuwa na msalaba. Tarehe 24 Julai 1534, nahodha Mfaransa Jacques Cartier alisimamisha pale Gaspé, pwani ya mashariki ya Kanada, msalaba wa mbao wa futi 30, wenye ngao ya mfalme wa Ufaransa. Mkuu wa wenyeji, Donnacona, akaja kwa mtumbwi pamoja na wanawe. Akauonyesha msalaba kwa kidole, kisha akazungusha mkono kwenye nchi yote: hii ni yangu, nani kakupa ruhusa? Cartier akamwashiria kwamba ni alama tu ya kuongozea meli. Uongo mtupu, na masimulizi ya safari yenyewe yanakiri hivyo. Akaondoka na wana wawili wa mzee.

Mwaka uliofuata akarudi nao, na baridi ikamkuta huko. Kiseyeye kikaua mabaharia wake 25. Aliyewaokoa waliobaki ni Domagaya, mmoja wa vijana wale wale, aliyewaonyesha mti ambao magome na majani yake huchemshwa yakanywewa. Shukrani yake? Mwaka 1536 Cartier alimkamata Donnacona na kumpeleka Ufaransa, akafia huko. Mimi nikisoma habari za "mgunduzi" huyu huwa nasita kulitamka neno hilo.

Dhahabu na almasi alizobeba safari ya mwisho zilikuwa mawe yasiyo na thamani, na Ufaransa ikapoa. Kilichoirudisha ni kofia. Watengeneza kofia wa Ulaya walitaka manyoya laini ya ndani ya biva, na ngozi bora kuliko zote ilikuwa iliyokwisha kuvaliwa na wenyeji, maana nywele ndefu zilikuwa zimepukutika mwilini mwao. Kwa lugha yetu, mtumba ulikuwa ghali kuliko nguo mpya! Wenyeji waliijua biashara hiyo vizuri. Mwaka 1634 padri Paul Le Jeune aliandika jinsi mwenyeji mmoja alivyocheka kwamba biva anajua kutengeneza kila kitu, sufuria, mashoka na mapanga, na kwamba Waingereza hawana akili, wanatoa visu 20 kwa ngozi moja.

Mfaransa Samuel de Champlain alikuwa ameshaanzisha mji wa Québec mwaka 1608. Lakini Ufaransa ilijiponza yenyewe. Wafanyabiashara wake wawili, Radisson na Groseilliers, walirudi mwaka 1660 na shehena ya ngozi, gavana akawatoza faini kwa kwenda bila kibali. Wakahamia kwa Waingereza na siri zao. Mwaka 1668 meli Nonsuch ikaenda Ghuba ya Hudson, kaskazini mwa Kanada, ikarejea London na ngozi. Tarehe 2 Mei 1670 mfalme Charles wa Pili akaipa Kampuni ya Hudson Bay ardhi yote ambayo mito yake inaingia ghuba hiyo. Kodi yake: kulungu wakubwa wawili na biva weusi wawili, kila mfalme atakapotia mguu huko. Sisi wa Afrika Mashariki tunaifahamu hati ya namna hii. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipata yake mwaka 1888.

Vita vyenyewe vya Wafaransa na Waingereza sitavirefusha. Septemba 1759 majenerali Wolfe wa Uingereza na Montcalm wa Ufaransa walipata majeraha ya kifo katika pambano moja nje ya Québec, na mji ukaangukia kwa Waingereza. Katika mkataba wa Paris wa 1763, Ufaransa ilirudishiwa Guadeloupe na Martinique, visiwa vya sukari, ikawaachia Waingereza Kanada.

Ile hati ya 1670 iliendelea kufanya kazi. Mwaka 1869 kampuni ilikubali kuiachia serikali ya Kanada nchi hiyo kwa pauni 300,000, bila kuwauliza wakazi. Kwenye Mto Red, ndani ya nchi hiyo, waliishi Wametis, uzao wa wafanyabiashara wa ngozi na wanawake wenyeji. Oktoba wapima ardhi walipofika mashambani mwao, kiongozi wao Louis Riel na wenzake wakawazuia, Riel akakanyaga mnyororo wa kupimia na kuwaambia hawapiti. Mwaka uliofuata Kanada ililazimika kuzungumza nao, na jimbo la Manitoba likazaliwa.