Kabla Hujanunua Kitabu cha Aljebra

Mhadhara kwa wazazi wanaosomesha watoto nyumbani, Sinza, Dar es Salaam

Wakubwa zangu shikamooni, na wazazi wenzangu wengine hamjambo. Asanteni kwa kuja na mvua hii. Najua waliotoka Mbagala na Kigamboni wameamka alfajiri.

Nimeombwa nizungumzie kozi ya hesabu inayomfaa mtoto wa miaka 11 hadi 14 anayesomea nyumbani. Swali ninaloulizwa kwenye simu karibu kila wiki ni moja: "Mwalimu, ninunue ipi?" Nitalijibu, ila naomba tuanzie kwenye meza moja ya chakula, Tabata, mwezi wa pili mwaka huu.

Mezani alikaa kijana wa miaka 12. Alikuwa na mwezi mzima ndani ya kozi ya aljebra kutoka Marekani, na mama yake ameilipia mwaka mzima kwa dola. Nikamwandikia x + 7 = 12. Akaandika 5 papo hapo. Nikamuuliza amefanyaje, akasema, "Namba ikivuka ng'ambo inabadilika alama." Sawa. Nikamwandikia 3x = 12. Akaandika 12 − 3, halafu x = 9, akapiga mstari chini ya jibu kwa rula.

Nikafunga kitabu. Nikamwambia, "Maembe matatu ni shilingi 1,200. Moja bei gani?" Sijamaliza sentensi, kashajibu: "Mia nne." Umefanyaje? "Si nimegawa kwa tatu?" Nikafungua tena daftari, nikaweka kalamu karibu na ile 3x, nikanyamaza. Akaitazama kwa muda mrefu sana. Halafu akaweka kidole juu ya x akauliza, "Kwa hiyo hii ndiyo bei ya embe?"

Mtoto yule anajua hesabu. Sokoni Buguruni hakuna wa kumpunja chenji. Kilichotokea ni kwamba alifundishwa namba kuvuka ng'ambo kabla hajaambiwa ng'ambo ni nini, wala kwamba ile alama ya sawasawa ni mizani, na kwamba ukigusa sahani moja sharti uiguse na ya pili kwa namna ileile. Kozi yenyewe nimeipitia, ni nzuri. Ilimfikia mapema.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili. Kozi huchaguliwa kwa mambo mawili: uelewa wa mtoto umekatikia wapi, na atapita mlango upi wa mtihani. Namba ya darasa iliyoandikwa kwenye jalada haikuambii hata moja kati ya hayo.

Kabla sijaendelea, niseme jambo la sheria kwa ufupi, maana wengine mnaona haya kuuliza. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie. Hapa ndani wapo ambao watoto wao wanaugua, wapo waliorudi kutoka nje katikati ya mwaka, wapo wanaofuata mtaala wa nchi nyingine. Kila hali ina mlango wake. Nenda kwa afisa elimu wa kata yako, mweleze, na mkubaliane kwa maandishi. Usisubiri mpaka siku ya kusajili mtihani.

Sasa turudi kwa mtoto. Utajuaje uelewa umekatikia wapi? Jioni moja, karatasi moja, bila saa ya kumkimbiza, bila kalkuleta. Mpe maswali machache, na kila jibu umwombe akueleze kwa mdomo. Jibu sahihi lisilo na maelezo usilipokee bado.

Mimi huanza na 20 − 8 + 2. Wote hapa tumelelewa na MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mtoto aliyeikariri kama wimbo atakuambia, "Jumlisha inatangulia toa," atajumlisha 8 na 2, ataandika 10. Jibu ni 14. Kujumlisha na kutoa ni daraja moja, unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha vilevile. Na mtoto wa nyumbani ana hatari ya ziada, kwa sababu kozi za Marekani zina wimbo wao, PEMDAS, ambao unataja kuzidisha kabla ya kugawanya, na una vipeo (kama ile 2 ndogo ya 5²) ambavyo wimbo wetu hauna. Nimekutana na binti aliyekuwa na nyimbo zote mbili kichwani. Kwa 12 ÷ 2 × 3 alikuwa anapata 18 asubuhi kwenye kitabu chetu na 2 jioni kwenye kompyuta, na alidhani Wamarekani wana hesabu zao. Jibu ni 18, hapa na kwao.

Halafu namwandikia nusu jumlisha theluthi. Hapo ndipo ninapokaa sana, naomba tukae wote.

Watoto wa Dar wanazijua sehemu, yaani nusu, robo na wenzake, kuliko wanavyojua wenyewe. Unamtuma dukani kwa Mangi robo ya sukari na nusu ya unga, ukimuuliza jumla ni ngapi anakujibu robo tatu bila kusita. Mpe karatasi umwandikie ½ + ¼, anajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, anapata 2/6. Ukimuuliza 2/6 ni kubwa au ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo, anashtuka. Kule kushtuka ni kuzuri, kunaonyesha akili yake ya dukani imekutana na daftari. Theluthi inamshinda zaidi, kwa kuwa dukani hakuna jiwe la theluthi.

Kwa nini nasisitiza sehemu? Mwaka 2012 Robert Siegler na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia watoto wa Uingereza na Marekani. Waliona kwamba ujuzi wa mtoto katika sehemu na katika kugawanya akiwa na miaka kati ya 10 na 12 ulibashiri aljebra na hesabu yake kwa ujumla miaka mitano au sita baadaye, hata baada ya kuzingatia akili ya mtoto na kipato cha nyumbani. Mimi sikushangaa. Aljebra ya kidato imejaa sehemu zilizovaa herufi. Mtoto asiyejua kwa nini asili, zile namba za chini, lazima zilingane kabla ya kujumlisha nusu na theluthi, ukimwekea x kwenye asili umemfungia mlango.

Yaliyobaki huchukua dakika chache: apange 0.7, 0.65 na ¾ kwenye mstari wa namba (wengi husema 0.65 ni kubwa kwa sababu 65 inazidi 7), atafute 7 − 12, na akikwama mwambie ana shilingi 7 na deni la 12, atafute asilimia 15 ya shilingi 40,000, agawe 84 kwa 6 na akuonyeshe kwa njia mbili. Pale anapoacha kueleza na kuanza kukisia, hapo ndipo kozi yake inaanzia. Hata kama ni kitabu cha Darasa la Nne.

Kosa hili nimelifanya kwa mwanangu mwenyewe. Alikuwa na miaka 11, anasoma haraka, na mimi nikaona fahari kumvusha. Miezi sita baadaye alikuwa analia kila akiliona daftari la hesabu, na nilipopima vizuri nikakuta kugawanya kwa tarakimu mbili hakukuwahi kukaa. Ilituchukua muda mrefu kurudisha mapenzi yake kwa somo hili kuliko ambavyo ingetuchukua kufundisha kugawanya.

Sasa mlango wa mtihani. Wa kwanza ni wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Mtoto wa nyumbani ambaye hakupita mtihani wa Kidato cha Pili hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, ndipo afanye Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwenye Hesabu ya Kidato cha Nne kalkuleta hairuhusiwi. Kuna majedwali ya hisabati tu. Fikirieni maana yake kwa kozi unayonunua. Kozi iliyojengwa juu ya kalkuleta tangu ukurasa wa kwanza inamwandaa mtoto kwa mlango mwingine. Na hilo ndilo somo ambalo kila mwaka linaangusha wengi kuliko mengine, hatuna nafasi ya kulichezea.

Ukienda mlango wa Cambridge, kalkuleta ilizoeleka miaka mingi kwenye hesabu za IGCSE, mtihani wao wa sekondari, lakini kuanzia mitihani ya 2025 karatasi moja inafanywa bila hiyo. Kwa hiyo kote kote mkono na kichwa vinatakiwa.

Mlango wa Marekani una mpangilio wake: mwaka mmoja wa kuandaa aljebra, mwaka mmoja wa aljebra peke yake, mwaka mmoja wa jiometri peke yake, kisha aljebra ya pili. Sisi na Waingereza tunachanganya. Kila mwaka mtoto anagusa aljebra, jiometri na takwimu. Mzazi anayefuata Marekani leo na kumrudisha mtoto shule ya hapa kesho atakuta mashimo mapana. Mtoto ni hodari wa milinganyo, lakini hajaona pembetatu zinazofanana. Hili si kosa la kozi. Ni lazima tu ujue unapanda basi la kwenda wapi. Na kwa wanaobaki na mtaala wetu: mtaala mpya ulianza kuingia kwa awamu Januari 2024, na elimu ya msingi inakwenda kuwa ya miaka 6 badala ya 7. Chukua muhtasari na vitabu vya sasa vya Taasisi ya Elimu Tanzania, vipo pia kwenye maktaba yao ya mtandaoni. Usitumie vya kaka yake.

Kuhusu aina za kozi nitapita haraka. Zipo za mtindo wa Singapore: kwanza kitu chenyewe, halafu mchoro, halafu alama, na mtoto anakaa kwenye mada moja mpaka ishike. Nazipenda kwa mtoto mwenye mashimo. Zipo za mtindo wa Saxon: kipande kidogo kipya kila siku na mazoezi mengi yaliyochanganya ya zamani. Hizo zinamfaa mtoto anayeelewa leo na kusahau Ijumaa, ingawa kwa mtoto mwepesi zinachosha. Na ipo Khan Academy, tovuti ya masomo, ambayo ni bure, na mzazi asiye na fedha ya kozi asijione amenyimwa kitu. Lakini kaa naye. Nimeona watoto wanabofya jibu hadi liwe la kijani, bando limeisha, kichwani hakuna kitu. Sharti langu ni kauntabuku pembeni: kila swali liandikwe kwa mkono, na njia yote ionekane.

Lugha nayo. Wengi wenu kozi mliyonayo ni ya Kiingereza, na mtoto anafikiri kwa Kiswahili. Kiingereza kina tungo kama "subtract 3 from 10", yaani 10 − 3, ambamo namba ya kutoa hutajwa kabla ya ile inayopunguzwa, basi mtoto anaandika kwa mpangilio alioyasikia maneno na anageuza hesabu kichwa chini. Anakosa lugha, wewe unadhani anakosa hesabu. Kila swali la maneno alisimulie kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, ndipo aandike alama. Mkifanya hivyo mwaka mmoja hamtahitaji tena.

Mama aliyekaa karibu na dirisha ameniuliza wakati wa chai: binti ana miaka 13, na karatasi imeonyesha kwamba tatizo liko kwenye sehemu za Darasa la Tano. Ataona aibu. Ndiyo, ataona. Kwa hiyo funika jalada kwa gazeti, namba ya darasa isionekane. Dakika 30 kila asubuhi kwa sehemu tu, na mada nyingine ya umri wake, jiometri kwa mfano, iendelee mchana ili asihisi amerudishwa nyuma kila mahali. Baada ya wiki nane mpe tena ile karatasi. Usimwambie alama, mwonyeshe ile ya kwanza na hii, ziweke pamoja, aone mwenyewe.

Yule kijana wa Tabata tuliiweka kozi yake kabatini. Mama yake aliumia, fedha ni fedha. Akaniuliza ataifungua lini. Nikamwambia, siku atakayoandika mlinganyo na kukusimulia hadithi yake bila kuombwa. Juzi kanipigia simu. Kijana kamwandikia 3x + 500 = 2,300, kamwambia ni wao watatu wamepanda daladala, na wamenunua chupa moja ya maji ya mia tano, sasa mama aseme nauli ya mtu mmoja. Mama akaanza kugawa kwa tatu. Kijana akamshika mkono: "Hapana mama, kwanza toa maji."