Herufi Zikivurugika, Ulizia Kwanza Jina la Fonti

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Umefungua ukurasa kwenye kivinjari cha Linux, ukakuta maandishi yana meno kama msumeno, au vijisanduku vitupu mahali pa herufi. Wengi wetu hapo hukimbilia mipangilio ya kulainisha kingo, tukabonyeza hiki na kile. Naomba tuyaache mazoea hayo. Tuulize kwanza: hii ni fonti gani?

Kivinjari huchora fonti kiliyoipata, si lazima iwe ile iliyoombwa. Ukurasa ukitaja Helvetica bila kuja na fonti yake, kivinjari huiuliza Fontconfig, msajili wa fonti zote za kompyuta. Isipokuwepo, msajili hutoa nyingine anayoiona inafanana nayo. Ndipo FreeType, mchoraji wa herufi, inapoigeuza kuwa pikseli. Msajili akikosea, kumsumbua mchoraji ni kazi bure.

Niliwahi kupoteza jioni nzima kwa msumeno huo. Nilibadilisha kila kitu, herufi zikabaki vilevile. Mwishowe nikamuuliza msajili, kwenye terminali, angetoa fonti gani mahali pa Helvetica:

fc-match Helvetica

Likaja jina la faili lenye .pcf. Hiyo ni fonti ya nukta, ya zamani, ambayo kila herufi imepangwa nukta kwa nukta kwa ukubwa maalumu. Haina mistari ya kukuzwa wala kulainishwa, kwa hiyo hangaiko langu lote halikuigusa. Dawa yake ni kuweka kiungo cha kanuni inayokataa fonti za nukta (faili ambalo jina lake huanza na 70-no-bitmaps) ndani ya /etc/fonts/conf.d, kuendesha fc-cache -f ili msajili asasishe orodha yake, kisha kukifunga kivinjari kabisa na kukifungua upya. Hakikisheni pia mna fonti za Liberation, ambazo vipimo vyake vya upana vinalingana na vya Arial na Times New Roman; mistari haitahama.

Lakini ukurasa unaweza kuja na fonti yake wenyewe, na hapo fc-match haitakwambia lolote. Katika Firefox, bofya neno kwa kitufe cha kulia, fungua kikaguzi, utazame sehemu ya fonti. Hapo utaona iliyotumika kweli.

Vijisanduku ni rahisi zaidi: hakuna fonti yenye herufi hizo. Kwa Kijapani andika fc-list :lang=ja. Isipotoa kitu, sakinisha fonti ya Noto ya lugha hiyo.

Jina likiwa sahihi, sasa gusa uchoraji. Ukiona vivuli vya rangi pembeni mwa herufi, mpangilio wa rgba, yaani wa nukta ndogo za rangi ndani ya pikseli, haulingani na skrini; weka none. Herufi zikionekana zimebanwa kwa nguvu kwenye pikseli, jaribu hintslight, yaani kubana kidogo tu.

Na kama menyu na vitufe navyo vina ukungu, iacheni fonti. Mara nyingi skrini imekuzwa kwa asilimia 125 au 150, na kivinjari kinapitia XWayland, daraja la programu za mfumo wa zamani wa X11 ndani ya Wayland, kikachorwa kidogo halafu kikavutwa. Fungua about:support katika Firefox, usome mstari wa itifaki ya dirisha (Window Protocol); ukisema xwayland, chanzo huenda ni hicho.