Kitabu Kilichoandikiwa Mtu Mwingine

Wazee wangu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliojibanza huko mlangoni, ahsanteni kwa kuja. Nimepewa dakika 40 nizungumzie vitabu vya mwongozo wa safari, vile vinavyobebwa na mtu anayejisafiria mwenyewe, bila kampuni na bila mtu wa kumwambia shuka hapa, panda pale. Mwenyekiti ameshanitahadharisha nisipotee njia. Nitajaribu.

Vitabu hivi mimi nilivijua kwa upande wa pili kabla sijavisoma. Miaka ya 1990 nilikaa mapokezi katika gesti moja ya Mji Mkongwe, Zanzibar: vyumba tisa, choo cha pamoja, paa linavuja upande wa baharini. Boti ya Dar es Salaam ikifunga gati, papasi, wale wanaowasaka wageni na kuwapeleka gesti wapate kamisheni, wanajaa bandarini, na baada ya nusu saa unamwona kijana wa Kizungu anaingia mlangoni, jasho chapachapa, begi la mgongoni kubwa kama mtoto wa darasa la tatu, na nyuma yake papasi wawili, kila mmoja akiapa kwamba mgeni huyu kamleta yeye. Uongo mtupu. Mgeni kaletwa na kitabu. Anacho mkononi, kidole kimo katikati ya kurasa, na neno lake la kwanza ni "Jambo." La pili ni "Dola nane."

"Dola kumi na mbili," namwambia.

"Hapa pameandikwa nane." Ananionyesha mstari. Kweli, jina letu lipo, na nane ipo.

Siku moja nilimwomba mmoja wao kile kitabu, nikafungua ukurasa wa mwanzo ambao hakuna anayeusoma, nikamwonyesha mwaka wa kuchapwa. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Akautazama, akanitazama, akalipa kumi.

Na mwandishi wake nilimwona. Alikuja Januari moja, mwanamke mwenye kandambili na daftari dogo. Hakulala kwetu. Aliuliza bei, akafungua bomba la bafuni kuona maji yanavyotoka, akabonyeza godoro kwa goti, akauliza kama paa linavuja. Tajiri yangu akajibu kwamba halivuji, na Januari kweli lilikuwa halivuji. Robo saa, akaaga. Robo saa ile ilitulisha miaka mitano. Hatua mia mbili kutoka kwetu palikuwa na gesti safi kuliko yetu na rahisi kuliko yetu, lakini haikuwamo kitabuni, basi vitanda vyake vilikuwa vinalala vyenyewe. Mwishowe mwenyewe akachoka, akabadilisha kibao cha mlangoni, jina likawa kama letu isipokuwa herufi moja. Mwezi uleule akaanza kupata wageni.

Sisemi kwamba mwandishi alidanganya. Hesabu tu kazi yenyewe: azunguke nchi nzima, aandike, wahariri wakate, ramani zichorwe, kitabu kichapwe, kisafirishwe. Kinapofika dukani, bei zake zina umri wa mwaka au zaidi, kisha kinauzwa miaka miwili au mitatu kabla ya toleo jipya. Msomaji anakishika kama gazeti la leo asubuhi.

Kuandika mwongozo wa nchi za watu si jambo la juzi. Maelezo ya zamani kabisa tuliyonayo juu ya pwani yetu hii ni ya aina hiyo. Katika karne ya 1 mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kigiriki na asiyeacha jina lake, aliorodhesha bandari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi mpaka mji alioita Rhapta: mwendo wa siku ngapi kutoka kituo hiki hadi kile, nani anatawala, upeleke nini, urudi na nini. Upeleke mikuki, vishoka, visu na vyombo vya kioo. Urudi na pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Anaeleza hata majahazi ya huku yaliyoshonwa kwa kamba badala ya kupigwa misumari, na mtu wa Lamu akisoma hapo atasema huu si mtepe? Ni maandishi yenye manufaa makubwa. Lakini angalieni anasema na nani. Anasema na mwenye meli mwenzake wa Misri. Watu wa Rhapta wamo kama sisi tulivyokuwamo kwenye kile kitabu cha dola nane.

Nitaruka karne nyingi. Mwaka 1836 John Murray wa London alianza kuchapa miongozo yake, na Karl Baedeker wa Koblenz akafanya vivyo hivyo Ujerumani, jalada jekundu, na nyota pembeni ya vitu ambavyo msafiri asivikose. Zile nyota zilipata nguvu ya ajabu. Mwaka 1942 ndege za Wajerumani zilipopiga miji ya kale ya Uingereza kama Exeter, Bath na York, watu waliyaita mashambulizi yale kwa jina la Baedeker, kana kwamba marubani walikuwa wanapekua kurasa.

Hawa vijana wa begi la mgongoni ni ukoo mwingine. Mwaka 1972 Tony na Maureen Wheeler, mke na mume, waliondoka London na gari kuukuu, wakaliuza Afghanistan, wakaendelea kwa mabasi, treni na vyombo vya baharini mpaka Australia. Walifika Sydney wakiwa na senti 27. Kila waliyekutana naye aliwauliza, mlifanyaje? Basi mwaka 1973 wakaandika majibu, wakabana kurasa kwa mikono yao juu ya meza ya jikoni, wakatembeza kijitabu madukani. Huo ndio mwanzo wa Lonely Planet, kampuni ya vitabu vya mwongozo. Napenda mwanzo ule kwa sababu ni wa kweli: watu wanauliza, aliyetoka huko anajibu. Na tazameni hatima ya ile njia yenyewe: mwaka 1979 ukaja na mapinduzi ya Iran, na Desemba majeshi ya Urusi ya Kisovieti yakaingia Afghanistan. Ukiwa na kijitabu kile mwaka 1980, una kurasa nzuri za barabara usiyoweza kuipita.

Sasa zamu yangu. Mgeni mmoja aliyetokea India alituachia kitabu cha nchi hiyo kama sehemu ya deni. Alikuwa na mtindo wa kuchana kila jimbo alilokwisha kulipita ili apunguze uzito, kwa hiyo kitabu changu hakikuwa na Rajasthan. Nilikisoma usiku, zamu ya usiku ni ndefu, mpaka nikawa naijua Mumbai kuliko Ng'ambo, upande wa pili wa mji wetu. Mwaka 2004 nikaenda.

Katika sura ya maandalizi mwandishi alisema sindano ya homa ya manjano si lazima, isipokuwa, na hapa herufi zikawa ndogo, kwa wanaotoka Afrika. Huyo anayetoka Afrika ni mimi. Kitabu kizima cha kurasa zaidi ya elfu moja, mimi nimo kwenye "isipokuwa."

Mumbai nilikwenda moja kwa moja mtaa wa Colaba, kidole ndani ya ukurasa, kama wale wageni wangu. Hoteli ya kwanza, pamejaa. Nikakaa kizingitini nipumzike. Akaja kijana wa Kizungu na begi, akaingia, hakutoka. Hoteli ya pili, pamejaa vilevile. Ya tatu, mwenyewe akaniambia waziwazi kwamba hachukui Waafrika. Zote tatu zilikuwa na maelezo mazuri kitabuni: watu wakarimu, mandhari ya bahari. Na mwandishi hakusema uongo. Kwake walikuwa wakarimu.

Aliyeniokoa ni mwanafunzi wa Kitanzania niliyekutana naye kwenye foleni ya simu. Akanichukua mpaka Pune, ambako wanafunzi wetu wengi wanasoma, na huko ndiko nilikoona kitabu bora cha mwongozo nilichowahi kukishika. Lilikuwa daftari la skuli la kurasa 96, jalada limebandikwa gundi mara nyingi. Kila aliyeishi pale aliongeza mistari. "Huyu mzee anapangisha bila maneno, usipike dagaa tu." "Afisa wa dirisha la 3 mpe vivuli viwili vya pasipoti, si kimoja." "Basi la usiku kaa mbele." "Hapa usiende peke yako Jumamosi, walevi." Mtu mwingine kachora mshale: "Siku hizi nenda tu, pametulia, 2003." Hakuna nyota hata moja.

Baadaye nilikuja kujua kwamba daftari lile lina babu yake. Mwaka 1936, Harlem, mjini New York, mbeba barua mmoja mweusi aitwaye Victor Hugo Green alichapa mwongozo wa madereva weusi: hoteli ipi itakupokea, mkahawa upi utakuuzia chakula, kituo gani utajaza mafuta bila kutukanwa. Ulianza na New York peke yake, kisha ukaenea majimbo mengine, na vituo vya mafuta vya Esso vikawa vinauuza. Miji mingi haikuwa na hoteli ya kumpokea mtu mweusi, kwa hiyo humo mna nyumba za watu binafsi, nyingi kwa majina ya wanawake waliokodisha chumba cha ziada. Msafiri anafika usiku, anagonga, mama anafungua. Green mwenyewe aliandika kwamba anaitamani siku ambayo kitabu chake hakitahitajika. Alifariki 1960, mkewe Alma akaendeleza. Sheria ya haki za raia, iliyokataza ubaguzi huo, ikapita 1964, na miaka michache baadaye kitabu kikaacha kutoka.

Nirudi India, mwenyekiti ananitazama. Mwishoni mwa kitabu changu palikuwa na orodha ya maneno ya Kihindi, na maelezo ya namna ya kukunja ulimi. Nikaanza kusoma: kitab, dukan, sabun, barf, hisab, khabar, gari, chai, rang, dunya, wakt. Nilicheka peke yangu kwenye treni mpaka mama mmoja akanipa maji. Nusu ya orodha ile ni maneno ya bibi yangu. Mtu wa pwani anaingia India na maneno mia mkononi bila kujifunza, na hakuna kitabu kinachomwambia, kwa sababu hakuna aliyemfikiria. Anachohitaji ni maonyo ya mitego tu. Kwa mfano, nilijitambulisha kwa muuza ndizi kwamba mimi ni gharibu, nikimaanisha mgeni, neno la washairi wetu. Kwao gharib ni fukara. Akaniongezea ndizi mbili.

Na jambo la mwisho. Kusini mwa Mumbai kuna ngome inaitwa Janjira, imesimama ndani ya bahari, kuta zinaanzia majini. Watawala wake walikuwa Masiddi, watu wenye asili ya Afrika. Wamaratha, wenye dola ya jirani, waliishambulia tena na tena wasiipate, na utawala ule ulidumu mpaka 1948 ulipoingizwa India. Kitabu changu kiliipa nusu ukurasa, kikasisitiza ufukwe wa jirani ni mzuri kwa kuogelea. Unavuka kwa boti kutoka Gateway of India, lile lango kubwa la baharini Mumbai, hadi Mandwa, basi mpaka Alibag, basi jingine mpaka Murud, kisha mashua ya tanga kutoka Rajapuri. Nahodha aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Zanzibar. Akawaambia abiria wengine kitu kwa Kimarathi, wote wakageuka, na mzee mmoja akanisogezea nafasi nikae mbele.

Hilo niliporudi Pune niliandika kwenye daftari: boti, mabasi mawili, mashua, kaa mbele. Nakala yake niliyonakili kwa mkono iko pale mezani, imeongezwa kurasa za Muscat, Istanbul na Guangzhou na watu waliotoka humu mjini. Kalamu nimeifunga kwa uzi, maana ile ya kwanza kaondoka nayo mmoja wenu. Ukiandika bei, weka na mwaka.