Mbona Krismasi huji Moshi? Nawajibu kutoka Kampala

Haya wapendwa, habari za huko nyumbani. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Leo sijaenda sokoni wala sijapanda boda, nimekaa hapa kibarazani kwangu Makindye niongee na nyie, maana kuna swali limenifuata mwaka mzima, na Desemba ikiingia ndiyo haliniachi kabisa. Nikiweka video ya senene wanaouzwa pale Katwe, mtu anauliza. Nikiweka video ya wanafunzi wangu wakiimba, mtu anauliza. "Mwalimu, Krismasi hii unakuja lini kwenu Kibosho, Moshi?" Kabla sijajibu, mwingine keshanijibia: "Huyo ameshakuwa wa huko, mwacheni aringe."

Najua nitakachoambiwa. Nikisema huku nakula vizuri na watu, najidai. Nikisema nauli imenishinda, nalalamika, basi nirudi. Kwa hiyo nasema yote mawili leo, na anayetaka kukatisha kipande kimoja akisambaze, namwomba asambaze na kingine.

Habari ya Desemba ya Uchagani siwaelezi, mnaijua kuliko mimi. Mnajua Dar inavyobaki tupu Wachaga wakirudi kwao Kilimanjaro kula Krismasi, mnajua ndafu, yule mbuzi mzima wa kuokwa, mnajua mbege, pombe yetu ya ndizi, mnajua mbuzi akichinjwa kila kipande kina mwenyewe na ukikosea kugawa kikao kinasimama. Tuanze na pesa.

Kutoka Kampala hadi Moshi kwa barabara ni kama kilomita elfu moja. Unapita Jinja, unavuka Busia, unalala ndani ya basi mpaka Nairobi, unatafuta gari lingine, unashuka Namanga, unaingia Arusha, ndiyo sasa uanze kuisogelea Moshi. Mipaka miwili hiyo. Nashukuru kwamba tangu 2018 Busia na Namanga mambo yote yanamalizwa kwenye jengo moja, hubebi tena mabegi kutoka dirisha la nchi hii hadi dirisha la nchi ile. Lakini wiki ya Krismasi hata jengo likiwa moja, foleni inatoka nje mpaka kwenye malori. Na nauli ya wiki hiyo, bei uliyoambiwa asubuhi siyo utakayoambiwa jioni. Nyie wa Dar mkilalamikia nauli mna haki, sibishani na nyie. Ila angalau mna mabasi ya ziada, na tangu Desemba 2019 mna na treni ya kwenda Moshi. Mimi nina basi, au nina ndege ya Entebbe, na ya ndege tusiongelee.

Halafu kuna hili la shilingi, naomba mnisikilize vizuri. Mtu akisikia mwalimu wa Kampala analipwa milioni, anapiga hesabu kwa shilingi yetu. Shilingi ya Uganda ni nyepesi kuliko ya kwetu. Milioni moja ya huku, kwa viwango vya karibuni, ukiibadilisha unashika kama laki saba za Tanzania. Sijasema mshahara wangu ni milioni, nimetoa mfano. Na ukitoa pesa kwenye simu huku, serikali inachukua asilimia 0.5 ya unachotoa, mbali na ada ya kampuni yenyewe. Mnaikumbuka tozo yetu ya miamala ya simu ya 2021 ilivyotuumiza? Basi huku nao wana ya kwao, na wameizoea. Kwa hiyo ninapotuma kitu nyumbani kikafika kimepungua, mjomba, sijakula mimi.

Kuna wanaouliza kwa nini basi nisingojee nikusanye, kwani shule zinafunga mapema Desemba. Ni kweli zinafunga. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari. Mtaala mpya wa 2020 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda likakubali kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Ndiyo mlango niliopitia mimi na wenzangu kadhaa. Nashukuru kwa kazi. Lakini ipo shule niliyofundisha hapo nyuma, siitaji, ambayo mshahara wa Desemba ilikuwa inaulipa wazazi wakishaleta ada ya muhula mpya. Yaani Februari. Unasahihisha mitihani, unaandika ripoti, unaagwa kwa sherehe na soda, unaondoka mikono mitupu na mhasibu anakwambia "Krismasi njema, mwalimu." Uchungu wa neno lile ninao mpaka leo. Nilikuwa na mbuzi wa kununua, nilikuwa na baba aliyekuwa bado hai, na nilikuwa na barua ya madai ambayo hakuna aliyeijibu.

Na ni shule hiyo hiyo iliyonikwamisha kibali. Mwaka ule kibali changu cha kazi kilikuwa kinaisha katikati ya likizo. Ili kiongezwe inatakiwa barua ya mwajiri. Nikaiomba Oktoba, nikaikumbusha Novemba. Muhula ukafungwa, katibu akaenda kijijini kwao, mkuu akazima simu. Sasa fikirieni: nikitoka na kibali kinaisha nikiwa Kibosho, siku ya kurudi mpakani naingia kama mgeni. Mwananchi wa Afrika Mashariki anapewa hadi miezi sita ya kutembea, sawa, lakini mgeni haruhusiwi kushika chaki. Nikabaki. Na huko nyumbani nilishasema nakuja, mama alishatandika kitanda.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wenzangu walimu kutoka Kenya wanavuka na kitambulisho tu. Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana hivyo tangu 2014. Sisi Watanzania hatumo kwenye mpango huo. Kitambulisho chako cha NIDA kiache pochini, unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari. Mwalimu mwenzangu wa Kakamega anaamua Jumanne asubuhi kwamba anakwenda kwao, jioni anakula kwa mama yake. Namfurahia, kwa kweli namfurahia. Ila mimi namaliza kwanza makaratasi.

Mwaka ule wa kibali, tarehe 25 mchana, kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, baba yangu mdogo aliweka picha ya ndafu na watu wote wamesimama nyuma, na chini akaandika: "Walio hai wote wamefika." Watu wakacheka, wakaweka moyo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki. Baba mdogo namheshimu, na amenisomesha kidato cha tano na cha sita, sitamkosea adabu hapa mbele ya watu. Lakini neno lile nililibeba muda mrefu, na ndilo lililonifanya nianze kufikiri upya habari hii ya Krismasi.

Sasa mnataka kujua huku nabaki nafanya nini. Kampala nayo inahama, msidhani ni Wachaga peke yao. Kuanzia tarehe 20 hivi, ukienda stendi ya Old Taxi Park utawakuta watu na magodoro, mikungu, mabegi ya nguo mpya za watoto walizonunua soko la Owino, kuku wanapiga kelele chini ya viti. Teksi za huku ndizo daladala zetu, na nauli ya kwenda kijijini inaweza kupanda mara mbili ile ya Novemba. Ikifika tarehe 24 usiku, hizi barabara za foleni mnazoniona nikizilalamikia, unapita kama uko kwenu.

Mwalimu mwenzangu alinichukua kwao upande wa Masaka. Krismasi wao wanaiita Sekukkulu. Na mimi nilidhani kuhusu ndizi hakuna wa kunifundisha kitu, mtoto wa Kibosho, nimelelewa na mtori na kiburu na machalari, vyote vya ndizi. Mama wa nyumba ile aliamka kukiwa bado giza. Akachagua majani machanga ya mgomba yasiyo na mchaniko hata mmoja, akayapitisha juu ya moto mpaka yakalainika na kung'aa, akakwangua ule uti wa katikati ukawa mwembamba ili jani likunjike bila kupasuka. Nyama ilikuwa imeshakaushwa kwa moshi. Akaiweka katikati, akamimina rojo la karanga, akakusanya ncha zote juu, akafunga kwa kamba ya mgomba. Hiyo ndiyo luwombo. Kila kifurushi ni cha mtu mmoja. Akavipanga juu ya matoke sufuriani, akafunika kwa majani tena mpaka sufuria haionekani, moto mdogo, tukaenda misa. Tuliporudi, kila mtu alikabidhiwa chake, anafungua mwenyewe, mvuke unakupiga usoni. Na mimi nilikuwa na changu. Walikuwa wamenihesabu kabla sijafika. Nililia kidogo, na sioni haya kuwaambia.

Kule nimejua pia kwamba ng'ombe wa Krismasi watu wanamwekea akiba mwaka mzima, kikundi cha majirani, kila wiki kidogo kidogo, kama vikoba vyetu. Desemba anachinjwa, kila mwanachama anaondoka na kilo zake. Hakuna anayekopa nyama siku ile. Hili ningependa sana tulichukue, maana kwetu mzigo wa mbuzi unaangukia mtu mmoja, mara nyingi yule anayeitwa "aliyetoka nje". Na Uganda kwenu ni nje, mnaihesabu pamoja na Ulaya. Nikishuka Moshi Desemba, kabla sijafungua begi nina mchango wa harusi, kipaimara cha mtoto wa binamu, paa la kigango, na mabati ya mtu ambaye hata sijui ni shemeji kwa upande gani. Natoa, sikatai. Ila hesabuni na hizo mnaponiuliza nauli ni shilingi ngapi.

Wanaoniandikia "pole kwa mateso ya ughaibuni", naomba mniache na hilo neno mateso. Jirani yangu wa mlango wa pili ni mama kutoka Goma, Kongo. Mji wao ulishikwa na waasi wa M23 Januari 2025, na mama yake mzazi bado yuko kule. Krismasi iliyopita alipika sombe, yaani kisamvu, na fufu, akaita majirani wote wa ngazi yetu, na katikati ya meza akaweka simu kwenye spika. Watoto wakawa wanamwimbia bibi yao nyimbo za Noeli, mtandao unakata, wanaanza upya, unakata, wanaanza upya. Yeye hana tarehe ya kurudi. Mimi ninayo tarehe, ninachagua tu ipi.

Na nimechagua Januari. Shule za Tanzania zinafunguliwa Januari, za huku Februari. Maana yake ni kwamba ndugu zangu wote wakishapakia ndizi kwenye magari wakarudi Dar na Arusha, mimi bado nina wiki kadhaa. Nauli imeshashuka, mpakani hakuna foleni. Na nyumbani kuna mama peke yake na masufuria makubwa ya watu arobaini na uwanja wa kusafisha. Mnafikiria hilo? Desemba ana watoto, wakwe, wajukuu, hana hata mahali pa kukaa jikoni kwake. Tarehe 8 Januari nyumba ina sauti ya redio tu. Mara ya mwisho nilipokwenda tulizibua mfongo, ule mfereji wa kumwagilia shamba, uliokuwa umejaa matope kabla kiangazi hakijakaza, nikapunguza migomba, nikampeleka kupimwa macho, jambo ambalo Desemba wote tulikuwa tumesema tutalifanya na hakuna aliyelifanya. Jioni tunakunywa kahawa, ananihadithia habari za baba ambazo mbele ya watu hasemi. Kabla ya kukata tiketi nilimuuliza mwenyewe, mama nije lini? Akasema, njoo wakishaondoka.

Sasa hili ni langu mimi. Simwambii mtu aache kwenda kwao Krismasi. Kuna mwenye mzazi mgonjwa, nenda Desemba. Kuna mwenye mchumba wa kutambulisha, Desemba ndiyo ukoo umekaa. Kuna ambaye mwajiri wake hampi siku nyingine. Mimi ni mwalimu, mama yangu kasema alivyosema, basi.

Wale wanaotaka kuja huku kunitembelea sikukuu hii, karibuni sana, mengine tutaongea mkifika. Ila kachanjeni homa ya manjano mapema, cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 kinatambuliwa maisha yote, asikudanganye mtu kwamba ulichonacho kimeisha muda. Makaratasi yenu mengine yaulizieni wenyewe uhamiaji kabla ya kukata tiketi, msije mkasema mwalimu wa YouTube alisema.

Na baba mdogo, najua unaangalia, binamu kaniambia unaangalia zote. Shikamoo. Usiku wa tarehe 24 nikitoka misa kanisa kuu la Rubaga nitakupigia. Mchango wangu wa mbuzi uko kwa mama tangu wiki iliyopita, naomba umkumbushe mkanunue mapema, kabla watu wa Dar hawajafika bei ikapaa.