Duma Hangurumi

Ndugu zangu mnaosomea kuongoza watalii, kuna swali wageni watakalowauliza kila mara: duma ni paka mkubwa au mdogo?

Wengi wetu hujibu kwa kutazama umbo. Kipimo hicho hakitufikishi mbali. Duma dume hufika kilo 60, na chui jike huenda asifike 40. Hata hivyo chui yumo katika jenasi ya Panthera, yaani kundi la kinasaba la paka wakubwa, pamoja na simba, chui-milia, jagwa na chui wa theluji, duma hayumo. Jamaa yake wa karibu ni puma wa Amerika. Vinasaba vinaonyesha kwamba ukoo wa kina simba ulijitenga na paka wengine zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita.

Tofauti inayonivutia mimi iko kooni. Mwaka 1834 Mwingereza Richard Owen alieleza kwamba vifupa vinavyoshikilia ulimi na koromeo la simba si mfupa mtupu; sehemu yake ni kano inayonyumbuka. Kwa paka wa nyumbani ni mfupa mwanzo hadi mwisho. Ikafundishwa miaka mingi kwamba kano hiyo ndiyo siri ya ngurumo. Lakini chui wa theluji anayo, na hangurumi! Basi tuziangalie nyuzi za sauti zenyewe. Za simba ni nene, zina mafuta ndani, na kingo zake ni bapa, hivyo pumzi huzitikisa kwa nguvu bila yeye kujikamua sana. Usiku mtulivu ngurumo hiyo husikika hadi kilomita 8.

Duma hana uwezo huo. Yeye hukoroma kama paka wa jikoni, akivuta pumzi na akiitoa, bila kukatika. Mkimkuta ameshiba, analambana na nduguye, zimeni injini mtamsikia. Mama anayeita watoto hutoa mlio mwembamba, mgeni akadhani ni ndege. Kwa hiyo mjibuni mgeni bila kusita: kwa nasaba na kwa sauti, duma yuko upande wa paka wadogo, kina mondo na simbamangu.

Ila miguu yake ni ya peke yake. Simba, chui, hata mondo, wakitembea huficha makucha, na udongoni huyaoni. Ya duma hubaki nje kiasi, yamsaidie kushika ardhi akikimbia. Mkiona alama ya ukucha mbele ya kila kidole, hakikisheni kwanza si ya fisi wala mbwa mwitu, kisha anzeni kumtafuta duma.