Jasho la Kioo: Maji ya Madirisha na Milango Yetu Mombasa

Assalamu alaykum, na habari za jioni wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu.

Nianze na chumba changu cha kulala. Masika yaliyopita, kila nikiamka kwa swala ya alfajiri nakuta reli ya dirisha imejaa maji yanafurikia ndani. Nikasema ni mvua inapenya. Fundi akaja, akapaka silikoni upande wa ndani. Nikamwita tena mara ya pili. Maji yako palepale. Siku moja nikatoa mkono nje, nikapitisha kidole kwenye kioo. Nje chapachapa, ndani kikavu! Kumbe si mvua: kiyoyozi changu kilipoza kioo usiku kucha, unyevu wa hewa ya nje ukageuka maji juu yake, ukatiririka hadi kwenye reli.

Nchi za baridi mambo ni kinyume. Kule kioo hupozwa na nje, kwa hiyo mvuke wa jikoni, wa bafuni na wa pumzi hugeuka maji upande wa ndani, na watu huambiwa wafungue dirisha unyevu utoke. Ukifuata ushauri huo hapa huku kiyoyozi kinafanya kazi, umeukaribisha unyevu wa bahari kwenye chumba baridi. Hata kuta zitalowa.

Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo kwetu si ajabu, huacha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini. Kiyoyozi kikikesha kwenye nyuzi 18, kioo lazima kitoe jasho. Kipandisheni hadi 25 au 26, muwashe na feni. Mimi nilifanya hilo tu, na reli ikakauka.

Lakini chumvi ndiyo inayoniuma zaidi. Upepo wa kusi hutuletea matone ya bahari, yakikauka yanaacha chumvi kwenye vioo na vyuma. Chumvi haingoji baridi: unyevu ukipita asilimia 75 hivi, hujivutia maji yenyewe. Ndiyo maana vyuma vya dirisha vinanata hata kwenye nyumba isiyo na kiyoyozi. Nasi tunaviosha kwa maji ya kisima, na visima vyetu vingi ni vya chumvi! Tafadhalini, mama zangu, suuza ya mwisho iwe ya maji matamu, kisha mfute kwa kitambaa kikavu. Ndoo moja yatosha.

Mkimaliza, chukueni kijiti cha chelewa mzibue vile vitundu vidogo vya reli kwa upande wa nje. Maji yapate pa kutokea.

Na mlango wa mbao ukivimba masika, msikubali upigwe randa. Ukija kukauka na kusinyaa mtabaki na mwanya unaopitisha unyevu mwaka mzima. Ngojeni Januari, wakati wa kaskazi, mbao zimekauka. Utoeni kwenye bawaba, muulaze, mtazame ukingo wa chini. Mara nyingi mtaukuta mtupu, haujawahi kuguswa na vanishi tangu siku ulipotundikwa. Hapo ndipo unaponywea maji. Pakeni mara tatu, na ukingo wa juu pia, ndipo muurudishe.