Darasa Lipo Jikoni: Michezo ya Mtoto wa Mwaka Mmoja Hadi Mitatu

REHEMA: Karibuni tena. Leo tunawazungumzia wale wadogo wa mwaka mmoja hadi mitatu, ambao ukigeuka kidogo tu wameshapanda mezani. Kaka Musa, wazazi wanaotuandikia wengi wanauliza jambo moja: nimnunulie mtoto nini ili achangamke akili?

MUSA: Dada Rehema, kabla ya kwenda dukani, afungue kabati la jikoni. Atoe sufuria mbili na mifuniko yake, vikombe vya plastiki, mwiko. Amwachie mtoto. Atafunika, atafunua, atagonga, atatia kikombe kidogo ndani ya kikubwa, halafu atalazimisha kikubwa kiingie kwenye kidogo. Hapo anapokwama ndipo anapojifunza. Usimkimbilie kumwonyesha.

REHEMA: Mimi naliamini sana beseni la maji. Siku unayofua, naye mpe lake dogo, maji kidogo tu, na kikombe, chujio na kifuu cha nazi. Akimimina kwenye kikombe maji yanatulia, akimimina kwenye chujio yanakimbia. Atarudia mpaka wewe uchoke kumtazama. Muulize, “Maji yamekwenda wapi?” Kisha nyamaza.

MUSA: Kunyamaza ndiko kugumu! Sisi watu wazima tunauliza na kujibu papo hapo. Mtoto bado analitafuta neno. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Akijibu kwa kidole, kwa sauti au kwa macho, hilo ni jibu, lipokee: “Eeh, yamemwagika chini!” Wataalamu wa makuzi ya mtoto wa Chuo Kikuu cha Harvard wanayafananisha mazungumzo haya na mchezo wa mpira: mmoja anarusha, mwenzake anarudisha. Usiporudisha, mchezo unakufa.

REHEMA: Ila beseni hilo usiondoke karibu yake hata simu ikiita. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache. Mkimaliza, mwaga yote na ulifudikize.

MUSA: Na vitu vya kutia mdomoni. Kuna wanaoshauri mtoto achambue maharage au ahesabu karanga. Chini ya miaka mitatu, hapana kabisa, vinakaba. Chukua kile kibomba cha karatasi kinachobaki tishu ya chooni ikiisha. Kitu kikipita humo, basi ni kidogo mno kwake. Hata kifuniko cha chupa ya maji kinapita.

REHEMA: Kwa hiyo achambue nini?

MUSA: Kandambili! Kusanya za nyumba nzima, uzichanganye. “Ya baba iko wapi? Mwenzake je?” Analinganisha, anatofautisha kubwa na ndogo, anapanga mbilimbili. Hesabu inaanzia hapo. Mtoto anaweza kuimba moja hadi kumi bila kujua tatu ni ngapi, lakini akikuletea kandambili na mwenzake, hilo amelielewa. Nguo zilizoanuliwa ni vivyo hivyo: soksi, leso, mashati.

REHEMA: Wapo wanaotaka mtoto wa miaka miwili aandike irabu.

MUSA: Vidole vyake bado. Tandaza mchanga safi kwenye sinia, achore kwa kidole. Mpe vibanio vikubwa vya nguo, visivyopita kwenye kile kibomba, abane ukingoni mwa ndoo. Ukikanda chapati, mkatie kidonge naye akande, ila asikile kibichi. Nguvu ya kushika penseli inajengwa huko.

REHEMA: Tuje kwenye simu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa, na kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, pungufu ya hapo ni bora zaidi. Najua jioni mama amechoka, mboga iko motoni, katuni ndiyo inayomtuliza mtoto. Simlaumu hata kidogo. Lakini mkalishe mbali na moto, mpe fungu la mchicha achume majani. Utaupata umepondekapondeka, na utaliwa hivyo hivyo.

MUSA: Huku mnaongea, tena kwa lugha inayokutoka bila kujikaza. Bibi anayemsimulia kwa Kichaga aendelee na Kichaga chake. Watoto wanamudu lugha mbili kwa pamoja.

REHEMA: Kuna mtu mmoja tunamsahau. Mchana kutwa mtoto yuko na dada wa kazi, na dada huyo anaambiwa tu amlishe, amwogeshe, amlaze.

MUSA: Umesema kweli. Mkalishe dada, mwonyeshe mchezo wa kandambili na beseni, mweleze kwa nini. Mpunguzie kazi nyingine apate nafasi ya kukaa naye chini. Na ukirudi jioni, ukishauliza kama mtoto amekula, muulize pia amesema nini leo.